Mbili Zilizopotea

Saa ya darasa la nne imetundikwa juu ya ramani ya Nebraska,
kioo kimepasuka upande wa tatu.
Odalys Tzoc anaijua kuliko fundi aliyeitundika.
Hesabu za nusu saa anazimaliza kwa dakika nane,
anageuza karatasi, anainua kidole.
"Nimemaliza."
"Subiri wenzako."

Wahenga walisema subira huvuta heri.
Yake ilivuta miayo,
ikavuta uzi mmoja mmoja wa sweta
mpaka kiwiko kikachungulia nje kuona kuna nini.
Akipewa kazi, ni kuchonga penseli za darasa zima,
au kukaa na Colter amwelekeze kugawanya:
mwalimu msaidizi, miaka tisa, bila mshahara.

Mimi ni mwalimu wa Alhamisi.
Shule tatu, gari moja, buti limejaa tambi kavu na gundi.
"Wenye vipaji" wangu hukutana stoo ya viti,
ukuta kwa ukuta na boila linalokoroma.
Wako saba. Watano wanatoka mtaa mmoja,
ule wenye nyasi zilizonyolewa kama kuruta.
Tunajenga madaraja ya tambi,
tunabishana kama sifuri ni namba shufwa,
tunacheka. Sikatai, kinapendeza chumba kile.
Mlango ndio mwembamba.

Fomu yake ilirudi bila sahihi, mara mbili.
Mama yake hufunga nyama kiwandani usiku kucha,
hurudi alfajiri vidole havikunjiki,
na fomu ilikuwa ya Kiingereza cha mawakili.
Kwao huzungumza Kikiche,
na Kihispania wakigombana na benki.
Sikwenda kugonga.
Nilikuwa na shule mbili nyingine, na theluji,
na visingizio havijawahi kuniishia.

Mwaka wa tatu sahihi ikapatikana, akafanya mtihani.
Swali la kumi na tisa lilitaka ajue
bakuli lipi ni la supu
na lipi ni la kuchovya vidole baada ya kamba-mti.
Akapata tisini na tatu.
Mlango hufunguka kwa tisini na tano.

Machi, bodi ikakaa maktaba, kwenye viti vya watoto,
magoti yakiwagusa videvu.
Bwana Brandvold alisimama, akasema Thaddeus wake
atahamia shule ya kulipia, na hakuwa anatania.
Mama Tzoc hakuwepo; zamu haijui bodi.
Wakapiga kura: Alhamisi moja kwa mwezi.
"Wenye akili watajitafutia njia," mmoja akasema,
kana kwamba akili ni paka.

Wiki iliyofuata nilishika darasa la nne,
mwenyewe akiwa kwa daktari wa meno.
Odalys akamaliza. Kidole juu.
Neno lile lilikuwa tayari limenifika mdomoni.
"Mwalimu, mshale mrefu na mfupi hukutana mara ngapi kwa siku?"
"Ishirini na nne," nilijibu, nikisahihisha kitu kingine.
"Hapana. Nimehesabu. Ishirini na mbili.
Mrefu akifika pale walipoachana,
mfupi ameshasogea. Kidogo tu.
Inabidi amfuate tena."
Akakuna kiwiko.
"Sasa zile mbili zimekwenda wapi?"

Nikaitazama saa, nikaitazama vizuri,
kama mtu aliyeambiwa nyumba yake ina chumba asichowahi kukifungua.
Miaka miwili ameisoma.
Hiyo ndiyo shule ya vipaji tuliyompa,
kioo kilichopasuka na neno moja.
Sikuwa na jibu la mbili zake.
Zangu nilizijua zilipo:
katikati ya tisini na tatu na tisini na tano.

Alhamisi hii stoo ina viti vinane.
Cha nane kinayumba, nimekitilia kadibodi mguuni.
Fomu yake sina, alama zake hazijaongezeka,
na mkuu wa shule ameshaniita mara mbili ofisini.

Nimemwambia asubiri.